Siti binti Saad na mashine ya kukatia santuri

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, lakini riziki yangu Mola aliiandika Meru. Nilipanda huku mwaka 1987 kumsaidia ami yangu aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio, nikidhani nitakaa miezi sita. Mpaka leo nipo. Watu wa huku wananiita Mswahili, na nikiteremka Mombasa kwa Idi jamaa wananiita Mmeru. Nimeyazoea majina yote mawili.

Leo nataka kuwaeleza maisha ya Siti binti Saad. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wanamjua, na wengine wamelelewa na nyimbo zake. Mimi pia nilidhani namjua. Nyumbani kwetu kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sanduku la santuri ambazo sisi watoto tulikatazwa hata kuzigusa. Sauti ya Siti ilisikika jioni, baada ya Isha, wazee wakiwa barazani. Lakini kazi aliyoifanya mwanamke yule sikuielewa mpaka nilipoletewa mashine moja kuukuu kutoka upande wa Embu, nikahangaika nayo karibu miaka miwili.

Ilikuwa mwaka 2019. Kijana mmoja wa Runyenjes alifika kibandani na sanduku zito lililofungwa kwa kamba ya katani. Babu yake alikuwa mpishi wa Mzungu wakati wa ukoloni, na Mzungu alipoondoka aliacha vitu asivyoweza kubeba. Sasa familia ilikuwa imeamua kumuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambaye angelipima sanduku zima kwa kilo. Kijana alitaka kwanza ajue kama ile ni gramafoni.

Haikuwa gramafoni. Nilipofungua niliona sahani nzito ya kuzungukia, na juu yake mkono uliopandishwa kwenye parafujo ndefu yenye meno madogo madogo. Gramafoni haina parafujo. Mkono wa gramafoni hufuata njia ambayo tayari imechimbwa kwenye santuri, lakini huu ulikuwa mkono wa kuichimba njia yenyewe. Ilikuwa mashine ya kukatia santuri, Presto, iliyotengenezwa New York, ya zile za kubebeka zilizotumika kabla ya kanda za sumaku kuenea. Pembeni mlikuwa na mkebe wa bati wenye sahani tatu nyeusi zinazong'aa, tupu, hazina hata mstari mmoja.

Nilimwomba asiiuze. Tukakubaliana niitengeneze. Ikikubali, itafutiwe mnunuzi wa bei ya haki; ikikataa, aende nayo kwa kilo.

Sasa turudi kwa Siti. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, Tabora, na ya mama yake Uzigua, Tanga, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Jina alilopewa mtoto ni Mtumwa. Halikuwa jina la utani. Ndiyo iliyokuwa hali ya watu wake. Sheria ya kukomesha utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kama 17. Kusoma hakusoma. Alichorithi ni kazi ya ufinyanzi, na vyungu vilipokwisha kuchomwa alivitia kichwani akaenda kuvitembeza, akinadi njiani. Husimuliwa kwamba watu walimjua kwa sauti kabla hajafika, na wanunuzi walitoka nje wakamngoja.

Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka katika maisha yake, na mimi nilipita haraka pia. Kunadi vyungu ni shule. Anayenadi lazima sauti yake ifike mbali bila kupasuka, na maneno yasikike yote, maana mnunuzi asiposikia ni chungu gani na bei gani, hatoki. Lazima pia ahifadhi pumzi, kwa kuwa ana mzigo kichwani na safari bado ndefu. Miaka mingi baadaye, msichana huyo wa vyungu alisimama mbele ya mashine iliyotaka mambo hayo hayo matatu.

Tatizo la kwanza la mashine yangu lilikuwa umeme. Kibandiko chake kilisema volti 110, mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu Kenya ni volti 240, mizunguko 50. Volti si taabu, maana transfoma ya kupunguza inapatikana Luthuli Avenue, Nairobi, na mimi nilikuwa nayo moja. Lakini transfoma haibadilishi mizunguko, na mota ya aina ile hukimbia kwa kuifuata mizunguko hiyo. Ukiipa 50 badala ya 60, mwendo unapungua sehemu moja katika sita. Sahani iliyotakiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika ikawa inazunguka mara 65. Nilihesabu kwa alama ya chaki ukingoni na saa ya simu mkononi. Ukikata wimbo kwa mwendo huo, kisha ukaupiga kwenye gramafoni ya kawaida, sauti hupanda, na bibi mzee husikika kama mtoto.

Na umeme wenyewe, jamani, kwa miaka mingi sehemu kubwa yake imetoka hapa chini ya Embu, kwenye mabwawa ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ni mto ule ule unaomwagika kwetu Pwani karibu na Kipini. Nilikaa juu yake na haukunifaa.

Dawa ilikuwa kuongeza unene wa ncha ya mota, pale inaposukuma gurudumu la mpira linalozungusha sahani. Kila penye milimita 10 pawe na 12, ili mwendo uliopungua urudi. Kipuri hicho hakiuzwi popote. Nilimpata mkerezaji mmoja mjini Meru, akanikerezea pete ya shaba ya manjano kutoka kwa mfereji wa maji uliochakaa. Mwendo ulirudi 78, lakini pete ilikaa upande kwa unywele mmoja tu, na unywele huo ulitosha kuifanya sauti iyumbe kama mlevi. Nikapanda matatu hadi Embu, kwa fundi anayetengeneza mashine za viwanda vya majani chai. Yeye alipima mara tatu kabla ya kukata. Pete yake ndiyo iliyoko mpaka leo.

Siti alihamia mjini Unguja mwaka 1911. Wakati huo taarab ilikuwa na miaka yake. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ganuni. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Lakini taarab ile ilikuwa ya wanaume, ya majumba makubwa, na iliimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke aliyetoka shamba, mtoto wa watumwa, hakuwa na nafasi pale.

Mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, Ali Muhammed, aliisikia sauti yake akaamua kumfundisha. Alimfunza uimbaji wa taratibu na matamshi ya Kiarabu. Baadaye Siti akawa na kundi lake: Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruk Talsam, mtu wetu wa Mombasa. Walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji walikokaa makuli, wavuvi, mafundi na watu walioachwa huru. Walialikwa majumbani mwa matajiri na kwenye jumba la Sultani, kisha wakarudi Ng'ambo. Jina la Mtumwa likaondoka, likaja Siti, yaani bibi mwenye heshima. Na alichokifanya kikubwa ni kuimba taarab kwa Kiswahili, lugha ya wale waliokuwa wamesimama nje ya dirisha.

Mashine nayo iliendelea kunidai. Gurudumu la mpira lilikuwa limekauka kama jiwe, na mahali lilipoegemea miaka yote palikuwa pamebonyea. Kila mzunguko lilipiga kishindo, na kishindo hicho kingeingia kwenye santuri. Nilijaribu mpira wa ndara. Nikajaribu tyubu ya baiskeli, na kipete cha mpira cha cherehani. Vyote vilishika siku moja vikateleza. Mwishowe niliambiwa kuna fundi Industrial Area, Nairobi, anayevisha mpira mpya magurudumu ya mitambo ya kuchapishia. Nilimpelekea, naye akanirudishia kwa gari la miraa lililokuwa likipanda Meru tupu baada ya kushusha mzigo. Watu wa Pwani mnayajua magari hayo kwa kasi yake. Siku hiyo niliyaombea dua.

Kisha kikaja kichwa cha kukatia. Hicho ndicho moyo. Ndani yake mna kipande kidogo cha chuma kati ya sumaku, kimezungushiwa waya, na kimeshikiliwa na vipande vya mpira ili kisitikisike ovyo. Sauti ikiingia kama umeme, kipande hutikisika, na sindano iliyo chini yake huandika mtikisiko huo kwenye sahani. Mpira wa ndani ulikuwa umeoza ukawa kama lami. Waya, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umekatika. Niliuzungusha upya kwa siku nne nikiwa na kioo cha kukuzia jichoni, na badala ya mpira uliooza nikatia kipande cha ule mpira wanaofungia mkono hospitali wanapotoa damu. Kapasita zote nilibadilisha. Valvu nilizitoa kwenye rafu ya marehemu ami, ambaye hakuwahi kutupa kitu, nami kwa miaka 30 nilikuwa nikimlaumu kwa hilo.

Sindano yenyewe ni ya johari ya yakuti. Mpwa wangu aliye London aliinunua akaituma ndani ya bahasha. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, na bei yake sikumwambia mke wangu.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa na umri wa miaka kama 48. Kabla ya hapo watu wa mwambao walisikiliza santuri za Kiarabu na za Kihindi, na yeye anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwekwa kwenye santuri.

Kazi ya siku hizo ilikuwa hivi. Sindano haikukata kwenye plastiki wala kwenye santuri tunayoijua, ilikata kwenye sahani nene ya nta iliyopashwa moto kidogo ili ilainike. Nta ile ilikuwa haipigwi. Ukijaribu kuisikiliza, sindano inaikwangua na kazi yote imekwenda. Kwa hiyo ilipelekwa kiwandani, ikatiwa madini kwa umeme, ikatoka kinyume chake cha chuma, na kwa chuma hicho zikagandamizwa santuri zenyewe za lakri, utomvu wa wadudu unaotoka kwa wingi India. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua dakika 3 na kidogo. Ukikosea neno, nta inatupwa au inakwanguliwa upya. Ukiimba vizuri, utajua baada ya wiki au miezi, santuri itakapofika.

Fikirini, wasomaji wangu. Wimbo wa taarab Ng'ambo ulikwenda kadiri watu walivyotunza na kuomba urudiwe. Bombay kulikuwa na chumba kilichofungwa, wageni wasiojua neno la Kiswahili, na dakika 3. Siti aliimba makumi ya nyimbo katika hali hiyo, yeye asiyejua kusoma, maneno yote yakiwa kichwani. Santuri ziliporudi ziliuzwa makumi ya maelfu. Zilipigwa Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga, zikapanda bara na wachuuzi na askari. Hapa Meru, kwenye mtaa wa kale wa Waswahili, kuna ajuza aliyeniambia kuwa mama yake alijifunza Kiswahili kizuri kwa santuri za Siti kuliko kwa mtu yeyote.

Mimi nilikuwa na sahani tatu. Nilifanya mazoezi kwenye sidii mbovu za bongo fleva, ambazo hukatika kwa shida na sauti yake ni ya mchanga. Sahani za kweli ni za alumini iliyopakwa rangi maalumu laini, na hizo ndizo zilizokuwa kwenye mkebe. Niliagiza nyingine. Tarehe 6 Februari 2020, kiwanda cha Apollo Masters cha Banning, California, kiliungua chote. Dunia nzima ilikuwa na viwanda viwili tu vya kutengeneza sahani hizo, kile na kimoja cha Japani. Mwezi uliofuata ikaingia korona Kenya. Waliobaki na sahani waliwawekea wateja wao wakubwa, na fundi wa redio wa Meru si mteja mkubwa.

Sahani ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Sindano inapokata hutoa uzi mweusi mwembamba, na uzi huo lazima usukumwe kwa brashi kuelekea katikati. Nilizubaa kidogo, uzi ukajiviringisha chini ya sindano, sindano ikaruka. Uzi wenyewe ni hatari, maana ukipata cheche huwaka kama petroli, kwa hiyo asivute mtu sigara karibu. Sahani ya pili iliharibiwa na parafujo. Inatakiwa kukata mistari 112 katika kila inchi, yaani kila mstari haufiki robo ya milimita kutoka kwa mwenzake. Nati ya shaba iliyoshika parafujo ilikuwa imelika, mkono ukasita, mistari ikaingiliana. Nilirudi Embu kwa yule yule fundi wa majani chai. Alipokwisha kuikereza nati mpya nilikuwa nimebakiwa na sahani moja.

Siti aliporudi alikuta sifa, na sifa ilikuja na maneno. Walitungwa mashairi ya kumkejeli kwa sura yake na asili yake, kwamba yeye ni nani hata aitwe bibi. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba sura na ukoo si kitu kama mtu hana akili na adabu. Aliimba pia habari za mji. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke aliyetoka bara kuja Unguja, akatendewa ubaya na kuuawa. Muuaji alitorokea bara, na mahakama ikawafunga mashahidi wanawake kwa sababu ya pombe. Hakuna gazeti lililowasemea wanawake wale. Siti aliwasemea, na kwa kuwa ilikuwa kwenye santuri, hakuna aliyeweza kuinyamazisha.

Uzeeni mwake alijiwa na Shaaban Robert, naye akamhoji na kuandika kitabu cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Bi Kidude, aliyemsikiliza tangu udogoni, alizibeba nyimbo zake mpaka alipofariki mwezi wa Aprili 2013. Na wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, waliliita Sauti ya Siti.

Sasa sahani ya mwisho. Sitaficha, mimi nilitaka aimbe yule ajuza wa Meru, wimbo mmoja wa Siti, kwa mapigo ya udi. Niliona hiyo ndiyo haki ya mashine. Yule kijana wa Runyenjes alitaka nyanya yake, mjane wa yule mpishi, aliyekuwa amekaribia miaka 90. Tulivutana kwa wiki mbili. Nilimweleza habari za Siti kwa kirefu, naye alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikumbusha kuwa mashine ni yao, na kuwa Siti wangu alirekodiwa mara nyingi na nyanya yake hajarekodiwa hata mara moja. Nilikosa la kujibu. Nikapakia mashine.

Tulimrekodi Runyenjes mwezi wa Agosti 2021, sebuleni, mbuzi wametolewa uani wasije wakalia. Aliketi kwenye kiti cha mbao, kipaza sauti mbele yake. Nilimweleza kupitia mjukuu kwamba ni mara moja tu, hakuna kurudia, na kwamba nikinyanyua mkono aanze. Alinitazama kama mtu anayeambiwa jambo alijualo. Akaimba kwa Kiembu wimbo wa kubembelezea watoto, dakika 2 na nusu. Katikati alikohoa, akaendelea. Mimi nilikuwa nimeinama na brashi yangu nikisukuma uzi, jasho likinitoka, na ndipo nilipomwona Siti waziwazi kwa mara ya kwanza, mwanamke wa makamo katika chumba cha ugenini, anaimba akijua kuwa nta ni ghali na pumzi ni moja.

Sahani ya namna ile ni laini, kila ukiipiga inalika. Tuliipiga mara moja tu, tukaihamishia kwenye simu. Bibi alijisikia, akauliza jambo moja, kwa nini kikohozi hakikuondolewa. Mjukuu wake alimwambia hakiwezekani kuondolewa. Akacheka. Alifariki mwaka uliofuata. Mashine hawakuiuza, ipo pale sebuleni imefunikwa kitambaa, na mimi sikupata hata thumuni ya bei ile ya haki. Sijuti.

Nimeyaandika haya kwa sababu najua ndani ya nyumba za Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga bado kuna masanduku ya santuri. Mengine yamewekwa chini ya kitanda, mengine yametiwa kwenye banda na kuku. Santuri ya lakri ikivunjika imevunjika, na si kila wimbo una nakala yake mahali pengine. Nawaomba mambo manne. Msizisafishe kwa spiriti, maana spiriti inayeyusha lakri. Tumieni kitambaa chenye maji kidogo, mkianika kivulini. Msizilundike zimelala moja juu ya nyingine. Zisimamisheni kama vitabu. Msizipige kwa sindano ya santuri za kisasa, ambayo ni nyembamba mno kwa njia zake. Sindano yake ni ya upana wa elfu 3 za inchi, na ikiwa ni ya chuma, badilisheni kila upande. Na kabla hamjauza sanduku kwa mtu anayepita, mwiteni fundi azihamishie kwenye kompyuta.

Na serikali zetu za kaunti za Pwani, ambazo kila mwaka hutafuta la kuonyesha watalii, zingeweza kutenga chumba kimoja chenye gramafoni nzuri, kompyuta na kijana mmoja aliyefunzwa, watu walete santuri zao, wazichukue jioni pamoja na nakala. Haihitaji mamilioni. Mimi niko tayari kuteremka kumfunza kijana huyo bila malipo, mradi nipewe chai na mahamri.

Mwacha asili ni mtumwa, wasema wazee. Siti alizaliwa akiitwa Mtumwa, lakini asili yake hakuiacha, ndiyo maana tunamsikia mpaka leo. Mwenyezi Mungu amrehemu, pamoja na bibi yangu wa Runyenjes.